Anwani ya Yamato

Mzee mmoja wa ofisini kwetu nami tulisoma chuo kimoja huko Japani, tukalala bweni moja na kutazama mlima uleule dirishani, ila tulipishana karibu miaka ishirini. Yeye aliondoka mwaka 1998, mimi nilifika mwaka 2016. Siku tulipogundua hayo tulishangilia hadi watu wa masijala wakaja kuchungulia kuna nini. Kisha tukaanza kutajiana mahali. Mimi nikasema niliishi Minamiuonuma. Akatikisa kichwa.

"Hapana binti. Chuo kile kipo Yamato."

"Mzee, Yamato haipo siku hizi."

"Haipo, imekwenda wapi?"

Kesho yake akaja na bahasha ya kahawia iliyochakaa pembeni, ya barua aliyoandikiwa na mkewe. Anwani ilisomeka Yamato-machi, Minamiuonuma-gun, Niigata. Nami nikamwonyesha kwenye simu picha ya kadi yangu ya ukaazi: Minamiuonuma-shi, Niigata. Tukaziweka pamoja juu ya meza kama wapelelezi. Ya kwake ina mji mdogo ndani ya wilaya. Ya kwangu ina manispaa tu. Jina lililokuwa la wilaya limegeuka kuwa la manispaa, na mji umeyeyuka.

Mzee ni mtu wa Vwawa. Alizaliwa mkoa wa Mbeya, na bila kuhamisha hata kiti amejikuta ni mtu wa Songwe tangu mkoa ulipogawanywa mwaka 2016. Ukimuuliza kwao ni wapi, atakujibu Mbeya. Kwa hiyo sikushangaa kwamba Yamato haikumtoka mdomoni. Ila yeye alishangaa, na kwa haki. Sisi tumezoea kugawa. Mwaka 2012 tulipata mikoa minne mipya kwa mkupuo, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na kila mahali palipogawanywa watu walicheza ngoma kwa sababu ofisi inasogea karibu. Kuambiwa kwamba kuna nchi tajiri iliyokaa chini ikaamua kufuta miji na vijiji vyake kwa mamia, tena kwa hiari ya madiwani wenyewe, ni habari inayohitaji zaidi ya chai ya saa nne. Nilimwahidi nitamwandikia. Deni lenyewe ndilo hili.

Nianze na maneno. Mura ni kijiji, machi ni mji mdogo, shi ni manispaa. Vyote vitatu vina mkuu wake aliyechaguliwa kwa kura, baraza lake na bajeti yake. Hakuna kilicho chini ya mwenzake, kijiji hakiripoti kwa manispaa. Gun ndiyo niliyoiita wilaya, na hapa wasomaji wa Tanzania mtacheka: ni wilaya isiyo na mkuu wa wilaya. Ofisi zake zilifutwa katika miaka ya 1920, likabaki jina la kuandikia barua. Vijiji na miji midogo huishi ndani ya gun. Manispaa haikai ndani yake. Basi kila mji unapopanda kuwa manispaa au kumezwa na manispaa, wilaya inapungukiwa mtu, na siku wa mwisho anapoondoka, jina linafutwa kwenye ramani.

Wilaya ya kwenye bahasha ya Mzee haijafutwa. Imebaki na mji mmoja tu, Yuzawa, ule wenye chemchemi za maji ya moto na miteremko ya kuteleza kwenye theluji. Yuzawa walikataa kuungana. Wana maghorofa ya likizo yaliyojengwa wakati pesa za Japani zilipokuwa zimefurika, na majengo hayo yanalipa kodi. Wilaya ya mtu mmoja, kama darasa la mwanafunzi mmoja na mwalimu hayupo.

Chuo chenyewe kipo Urasa. Ukishuka kwenye shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, unakuta kituo kikubwa kisicholingana hata kidogo na mji wake. Nje kuna sanamu ya Tanaka Kakuei ameinua mkono. Huyu alikuwa mtoto wa mkoa wa Niigata, akawa waziri mkuu kuanzia 1972 hadi 1974, na kila mgeni anapouliza kwa nini reli ya gharama namna ile, iliyofunguliwa mwaka 1982, inasimama katikati ya mashamba ya mpunga, wenyeji humwonyesha sanamu. Upande wa pili kuna mlima Hakkai, mita 1,778, ambao Mzee alimchorea mkewe kwenye barua. Theluji inapoanza Desemba, unatoka bwenini kwa njia iliyochimbwa kama handaki.

Na jina la Yamato? Lipo. Nilipokuwa pale lilikuwa kwenye hospitali, kwenye shule, kwenye njia ya kutokea barabara kuu ya kulipia. Lipo pia kwenye jengo la zamani la ofisi ya mji, ambalo sasa ni tawi. Kiti cha meya kiko Muikamachi, vituo vichache vya treni kuelekea kusini. Kwa hiyo nilimjibu Mzee vibaya nilipomwambia Yamato haipo. Yamato ipo, ila haiamui.

Japani imefanya jambo hili mara tatu. Mara ya kwanza ni enzi ya Meiji. Mwaka 1888 nchi ilikuwa na miji na vijiji 71,314. Mwaka uliofuata vilibaki 15,859. Serikali ilitaka kila kijiji kiwe na kaya 300 hadi 500, kwa kuwa chini ya hapo kisingeweza kubeba shule ya msingi, kutunza daftari la kaya na kukusanya kodi. Mara ya pili ni baada ya vita. Sheria ya mwaka 1953 ilikuta miji na vijiji 9,868, na kufikia 1961 vikawa 3,472. Safari hii kipimo kilikuwa watu 8,000, na sababu ilikuwa shule tena: elimu ya lazima ilikuwa imeongezwa miaka mitatu, na kijiji cha watu elfu mbili hakikuweza kujenga sekondari ya kati.

Mara ya tatu ndiyo iliyoila bahasha ya Mzee. Mwaka 1999 kulikuwa na miji, vijiji na manispaa 3,232. Machi 2010 vilibaki 1,727. Vijiji peke yake vilishuka kutoka 568 hadi 184. Mkoa wa Niigata, uliokuwa na 112, leo una 30. Safari hii hakuna aliyezungumzia shule. Watu walikuwa wanazeeka, vijana walikuwa wanakwenda Tokyo, na serikali kuu, iliyokuwa na madeni hadi shingoni, ilikuwa imechoka kutuma ruzuku kila mwaka kwa ofisi elfu tatu. Wanasiasa wa chama tawala walitaja lengo la kubaki na elfu moja.

Hakuna aliyelazimishwa. Mtu wa serikali za mitaa kama mimi lazima asimame hapa kidogo, kwa sababu jinsi walivyofanya ni fundisho la namna ya kumsukuma mtu bila kumgusa. Kwanza, peremende. Mji uliokubali kuungana kabla ya tarehe ya mwisho uliruhusiwa kukopa kwa hati fungani maalumu hadi asilimia 95 ya gharama za miradi ya muungano, na katika kurejesha deni hilo serikali kuu ilibeba asilimia 70. Piga hesabu: ukumbi wa yen 100, wewe mwenyewe unatoa kama yen 33 na nusu, ukiacha riba. Nani angekataa kujenga ukumbi? Madiwani nao hawakusahauliwa. Wa miji yote iliyoungana waliruhusiwa kubaki vitini kwa muda usiozidi miaka miwili, hivyo mahali pengine baraza jipya likafurika hadi viti vikaazimwa. Aliyetunga kifungu hicho alijua madiwani ni viumbe gani.

Kisha fimbo. Kuanzia mwaka 2004, chini ya waziri mkuu Koizumi, ruzuku za serikali kuu zilianza kukatwa, na tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi ya kuungana ilikuwa tarehe 31 Machi 2005. Meya wa mji wa watu 6,000 alikuwa anatazama bajeti inayopungua mkono wa kulia na ofa inayokwisha muda mkono wa kushoto. Ndiyo maana ukitazama tarehe za kuzaliwa za manispaa za Japani, nyingi zimerundikana kati ya 2004 na Machi 2006, kama watoto waliozaliwa miezi tisa baada ya kukatika umeme.

Kuna kipengele kimoja kilichonivutia kuliko vyote. Ili muungano usiwaumize, serikali iliahidi kwamba kwa miaka kumi ruzuku ingekokotolewa kana kwamba ile miji ya zamani bado ipo, kila mmoja peke yake. Ramani ilisema wamekufa, daftari la hazina liliendelea kuwahesabu hai. Baada ya kumi, kiasi hicho kingepunguzwa kidogo kidogo kwa miaka mitano hadi kiishe. Mimi nilifika mwaka 2016, miaka kumi ilipokuwa imekwisha. Profesa wetu wa fedha za umma alituonyesha michoro ya manispaa mbalimbali nchini, mistari ikishuka kama ngazi, akasema kwa upole wa Kijapani kwamba huu ni wakati mzuri wa kusoma somo lake.

Wanapoungana lazima jina litafutwe, na hapo akili za watu hupotea. Kutumia jina la mji mkubwa kunaudhi wadogo. Kubuni jipya kunaudhi wote. Mkoani Yamanashi mwaka 2003 walizaa manispaa inayoitwa Minami-Alps, Alps ya Kusini, na neno hilo la kigeni wameliandika kwa herufi zile zinazotumika kwa maneno ya nje, kama vile sisi tungeunganisha kata za Lushoto tukaziita Uswisi Ndogo. Mkoani Aichi kamati ya miji miwili ilipendekeza jina la Minami-Centrair, kwa heshima ya uwanja wa ndege uliofunguliwa jirani. Wananchi walipoulizwa Februari 2005 walikataa muungano wote. Jina halikuwa sababu pekee, ila sidhani lilisaidia. Mkoani Kochi kuna manispaa ya Shimanto, na inayopakana nayo ni mji mdogo wa Shimanto. Zote zimejiita jina la mto, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Nawahurumia wapeleka vifurushi.

Kwetu Urasa hawakufika huko. Walichukua jina la wilaya, Minamiuonuma, yaani Uonuma ya Kusini. Majirani wa kaskazini, miji miwili na vijiji vinne, walijiita Uonuma, bila kusini wala kaskazini. Msomaji anaweza asione uzito wake hadi ajue bei ya mchele. Koshihikari wa Uonuma ndio mchele wenye jina kubwa kuliko yote Japani. Jina hilo likiwa kwenye gunia, bei inapanda. Ukiona watu wanagombea herufi, tafuta gunia liko wapi.

Sasa tarehe. Manispaa ya Uonuma na ya Minamiuonuma zilizaliwa siku moja, tarehe 1 Novemba 2004. Siku tisa kabla, tarehe 23 Oktoba, saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo hili la Chuetsu. Watu 68 walikufa kwa jumla. Treni ya shinkansen iliacha reli ikiwa kasini, na kwa bahati hakuna abiria aliyepoteza maisha ndani yake. Fikiria karani wa mji ambao umebakiza siku tisa uishe. Masanduku ya nyaraka yameshafungwa kwa ajili ya kuhama, mihuri mipya imeshachongwa, na ghafla watu wanalala kwenye magari kwa kuogopa nyumba zao. Walifanya sherehe? Bibi mmoja aliyekuwa na duka la mboga karibu na kituo, aliyemkumbuka Mzee kabla sijamaliza kumweleza ("yule mrefu aliyeogopa theluji"), aliniambia yeye alijua mji umebadilika alipoona kibao kipya. Siku ile alikuwa anapika wali wa kupeleka kwa ndugu zake.

Ila nikizungumza tetemeko, mahali pa kwenda ni Yamakoshi.

Ni mlimani, kama saa moja na kitu kwa gari kutoka Urasa. Nilipelekwa na mwenzangu wa darasani mwenye leseni ya Japani, Mei 2017, theluji ikiwa bado imejificha kwenye makorongo. Unapanda barabara nyembamba, na kila kilima kimekatwa ngazi. Nusu ya ngazi ni mpunga, nusu ni mabwawa, na ndani ya mabwawa kuna samaki wekundu, weupe, wenye mabaka ya dhahabu. Hawa koi wa mapambo ambao matajiri wa dunia wanawanunua kwa bei ya gari walianzia milima hii, kama miaka mia mbili iliyopita. Wakulima walifuga samaki wa kula wakati wa majira ya theluji, wakaona mmoja ametoka na rangi, wakamwonea huruma wasimle.

Yamakoshi ilikuwa kijiji cha watu wapatao 2,200. Tetemeko lilipopiga, milima iliporomoka, barabara zote zikakatika, na katika siku mbili kijiji kizima kilihamishwa kwa helikopta hadi Nagaoka chini bondeni. Wakaacha nyumba, samaki na ng'ombe. Helikopta zikarudi baadaye kubeba ng'ombe, wakining'inia angani. Maporomoko yalikuwa yameziba mto, maji yakapanda yakafunika mtaa wa Kogomo. Nyumba kadhaa zimeachwa palepale kwa makusudi. Nilisimama daraja la juu nikatazama paa zikitokeza kwenye matope, na mwenzangu, mtu wa maneno mengi, hakusema kitu hadi tulipofika kwenye gari.

Mazungumzo ya kuungana na Nagaoka yalikuwa yameanza kabla ya tetemeko. Yalikamilika wakati wanakijiji wako kwenye nyumba za muda. Tarehe 1 Aprili 2005 kijiji kikafutwa, watu wake wakiwa hawapo ndani yake. Na kwa kuwa Yamakoshi ilikuwa kijiji pekee kilichobaki katika wilaya ya Koshi, wilaya nayo ikafa siku hiyohiyo. Hebu tafakari hali ile: umelala kambini, nyumba yako iko chini ya tope, na asubuhi unaambiwa hata kule unakotaka kurudi hakuitwi tena kijiji.

Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: turudi Yamakoshi. Mkuu wa kijiji wa mwisho, Nagashima Tadayoshi, aliirudia kila mahali, na baadaye akawa mbunge. Walirudi, karibu saba kati ya kila kumi, na nyumba za muda zikafungwa mwishoni mwa 2007. Ukisikia hadithi hii ikisimuliwa, utaletewa picha ya kijiji cha kale kilichokataa kufa. Nami niliimeza hivyo, hadi nilipotazama tarehe. Yamakoshi yenyewe ilizaliwa Machi 1956, katika ule muungano wa pili, vijiji vidogo vilipogundishwa pamoja. Jina ni la kutengenezwa: yama, mlima, na Koshi, jina la wilaya. Kijiji kilichoombolezewa kilikuwa na umri wa miaka 49. Kuna wazee waliorudi ambao walikuwa wakubwa kuliko kijiji chao.

Basi ni nini hasa walichokirudia? Jibu langu nililipata uwanjani.

Kuanzia Mei hadi Novemba kuna siku za kupiganisha mafahali. Uwanja ni duara la mchanga ukingoni mwa kilima. Fahali wawili wa zaidi ya kilo 800 wanagonganisha vichwa hadi mlio unausikia tumboni, na wanaume wanawazunguka wakipiga kelele za kuwatia moyo. Wasomaji wa Kakamega mnaujua mchezo huu, ila kwenu anayekimbia ameshindwa na mwenye fahali anakwenda nyumbani kichwa chini. Yamakoshi hakuna mshindi. Kabla mmoja hajavunjwa moyo, wale wanaume wanawarukia, wanamnasa kila fahali mguu wa nyuma kwa kamba, wanawatenganisha, na mtangazaji anasema ni sare. Kila pambano, sare. Mzee aliyeketi jirani yangu alinieleza kwamba fahali akishazoea kushindwa hapigani tena, na fahali ni mtu wa nyumbani, kwa nini umharibu?

Mchezo huo uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya mila za kuhifadhiwa mwaka 1978, na eneo lake linaitwa Nijumurago, yaani nchi ya vijiji ishirini. Jina hilo ni kongwe kuliko ramani zote nilizozitaja. Vijiji ishirini vikawa vichache, vichache vikawa kimoja, kimoja kikawa kata ya Nagaoka, na mafahali wanaingia uwanjani kwa jina lilelile. Jengo la jamii lililofunguliwa baada ya tetemeko limeitwa Orataru, ambayo kwa lahaja ya pale ni "kwetu". Muungano uliwapokonya meya na bajeti. Samaki, fahali na matuta ya mpunga havikuwahi kuwa chini ya ofisi ya kijiji, kwa hiyo havikuwa vya kutwaliwa.

Sitaki mtu asome hapa kwamba ofisi si kitu. Ni kitu kikubwa. Katika kijiji kimoja cha milimani nilichokwenda kufanya mahojiano ya tasnifu, nisichokitaja kwa sababu waliniamini, jengo la ofisi ya zamani lilikuwa la ghorofa tatu, mbili zimezimwa taa. Karani mstaafu alinieleza mambo kwa mpangilio ambao hakuna kitabu kilichonipa. Ofisi ya kijiji ndiyo ilikuwa mwajiri mkubwa. Ilipogeuka tawi, makarani vijana walihamishiwa makao makuu, dakika hamsini kwa gari. Wakati wa theluji dakika hamsini ni saa mbili, hivyo wakapanga nyumba huko. Walipohama, watoto wao walihama shule. Shule ilipobaki na watoto kumi na moja ikafungwa. Mgahawa uliokuwa unawauzia makarani chakula cha mchana ukafuata. "Zamani," alisema, "theluji ikianguka usiku nilijua ni mlango wa mjane gani wa kufukua kwanza. Sasa kuna namba ya simu." Hakuilaumu manispaa mpya. Alisema namba ile hupokewa haraka sana.

Mwaka 2019 shirikisho la mawakili wa Japani lilichapisha ulinganisho wa miji na vijiji vya zamani vya watu chini ya 4,000 vilivyoungana, na majirani vya ukubwa uleule vilivyobaki peke yao. Karibu kila mahali, vile vilivyoungana vilikuwa vimepoteza watu kwa kasi zaidi. Nilipousoma nilimkumbuka yule karani na mgahawa wake.

Lakini kubaki peke yako pia kuna bei. Ukitazama waliobaki peke yao mkoani Niigata, wengi wana kitu mfukoni au wana bahari katikati. Yuzawa wana watalii. Kijiji cha Kariwa kina kituo cha umeme wa nyuklia. Awashimaura ni kisiwa. Huko Hokkaido manispaa ya Yubari, mji wa makaa ya mawe uliokuwa na watu zaidi ya laki moja mwaka 1960, ulitangazwa kufilisika rasmi mwaka 2007 ukiwa na deni la yen bilioni 35.3, na picha za hospitali na shule zake zinazofungwa ziliwatia baridi mameya wa nchi nzima.

Kuna mmoja tu ambaye ningependa kukutana naye. Mji mdogo wa Yamatsuri, mkoa wa Fukushima, watu wapatao elfu saba wakati ule. Oktoba 2001, wengine wakiwa bado wanapiga hesabu, baraza lake lilipitisha tamko kwamba Yamatsuri haitaungana na mtu yeyote. Hawakuwa na nyuklia wala miteremko ya theluji. Meya wao, Nemoto Ryoichi, alikata mishahara na idadi ya madiwani, ofisi ikafunguliwa hadi siku za mapumziko. Wananchi walipotaka maktaba, na pesa ya vitabu haikuwepo, waliomba nchi nzima iwape vitabu vilivyosomwa. Vilimiminika zaidi ya laki nne. Maktaba ilifunguliwa mwaka 2007 na jina lake linatokana na neno mottainai, lile wanalosema Wajapani wanapoona kitu kizuri kinatupwa, ambalo Profesa Wangari Maathai wa Kenya alilibeba akalitangaza dunia nzima. Nilipomsomea Mzee sehemu hii alipiga meza kwa furaha.

Nikarudi nyumbani mwaka 2018, na Desemba 2021 nikaona habari iliyonifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Yamakoshi, kijiji ambacho kisheria hakipo, kilikuwa kimebaki na watu kama 800 tu, na kimeanza kuuza uraia. Ni kadi za kidijitali zenye mchoro wa samaki wa koi, zile ziitwazo NFT, na anayenunua anahesabiwa mwanakijiji wa mtandaoni, ana sauti katika kuamua baadhi ya miradi. Haikupita muda wanakijiji wa mtandaoni wakawazidi wale wenye miguu. Mimi na vitu hivi hatuelewani sana, na biashara ya kadi hizo baadaye ilipoa duniani kote. Ila nilivutiwa kwamba hawakumwomba mtu ruhusa ya kuwa kijiji.

Mzee hakuvutiwa. Alisema kijiji ni mahali unapoweza kuzikwa. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Mwishoni mwa mwaka jana alinunua kadi ya salamu, akaniomba anwani ya duka la mboga. Nikamwandikia: Minamiuonuma-shi, Urasa. Akaipokea, akashukuru, kisha akaandika Yamato-machi kwa mkono wake, herufi kubwa. Nikamwambia haitafika. Akasema itafika, watu wa posta wana akili.

Ilifika. Jibu lilikuja Februari. Pembeni mwa bahasha Bibi alikuwa amegonga muhuri wa mpira, nadhifu, wino mwekundu: Minamiuonuma-shi. Hakuandika Yamato popote. Ndani kulikuwa na picha ya duka likiwa limefunikwa hadi dirishani, na sentensi mbili ambazo nilimtafsiria Mzee mara tatu kwa sababu hakuamini. Duka nimelifunga, magoti yamekataa. Je, bado unaogopa theluji?